Breki nzima, gari mtaroni: kisa cha tela la viazi kutoka Isyonje

"Panda, Mwalimu. Kanyaga mwenyewe uone."

Nilipanda, nikawasha injini, nikakanyaga. Pedali ya breki ilisimama juu, ngumu, kama ya gari lililotoka gereji jana. Nikakanyaga mara tano mfululizo, kisha nikaishikilia kwa dakika nzima. Haikuzama hata upana wa kidole. Nje, kando ya ukuta, dereva alikuwa amesimama mikono nyuma anatazama chini. Siku tatu kabla ya hapo alikuwa amemweleza trafiki, na kila aliyefika eneo la tukio, kwamba breki zilimkataa akishuka kutoka Isyonje.

"Basi zilizomkataa ni zipi?" mama mwenye gari akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi.

Mimi nafundisha ufundi wa magari hapa Mbeya. Mama ni mfanyabiashara wa viazi mviringo Uyole, na huyo dereva aliwahi kupita darasani kwangu, ndiyo maana wote wawili walikubali niite ukweli kwa jina lake. Kilichokuwa mezani si maneno matupu. Kulikuwa na pikapu iliyobonyea upande mzima wa kushoto, tela lililopinda chesisi, mzigo uliopotea, na utingo aliyevunjika mtulinga. Kama breki zilikuwa nzima, basi kijana alizembea na alipe. Kama zilikufa, gari ni la mama, na mama ndiye wa kulibeba.

Barabara hiyo wengi wanaifahamu. Ukitoka Uyole ukapita Igawilo unaanza kuipanda milima ya Uporoto, unafika juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kisha unashuka upande wa pili kwenda Kiwira, Tukuyu, mpaka Kyela. Viazi vinalimwa huko juu kwenye baridi, Isyonje ikiwemo. Kwa hiyo biashara yenyewe imekaa vibaya kwa breki: gari linapanda likiwa tupu na kushuka likiwa limejaa. Mtu wa mpunga wa Kyela anayeleta mzigo Mbeya anateswa na mlima kwenye injini, lakini mtu wa viazi anateswa kwenye breki, na breki hailalamiki mapema kama injini inayochemka.

Ilikuwa mwezi wa sita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu umelala barabarani. Pikapu ni Land Cruiser ya dizeli, nyuma yake tela la magurudumu mawili lenye magunia 14. Dereva anasema alianza kushuka na gia ya nne. Kona ya kwanza, breki safi. Kona ya pili pedali ilishuka kidogo, akaipampu, ikarudi. Akasikia harufu, na hapa namnukuu, "kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi." Hakusimama. Alipofika kwenye mteremko ulionyooka akakanyaga, mguu ukaenda mpaka chini bila kukutana na kitu. Akataka kuingiza gia ya pili. Kwa mwendo ule ikagoma kuingia, na gari likabaki frii, yaani hata ule msaada mdogo wa injini aliokuwa nao akaupoteza. Akavuta hendibreki. Mwisho akachagua mtaro wa upande wa mlima badala ya upande wa bonde, na kwa uamuzi huo mmoja mimi namshukuru mpaka leo. Tela lilikuja kwa nyuma, likamzunguka, likalala ubavu likaziba njia. Viazi vilitapakaa lami yote. Watoto waliokuwa wakienda shule waliacha madaftari mkononi wakajaza mabegi.

Pikapu ilivutwa mchana, ikafika gereji ya jirani na nyumbani kwa mama saa tisa alasiri. Fundi wa pale akakanyaga pedali, akaikuta ngumu. Jioni hiyo hiyo mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba dereva alikuwa anachezea simu.

Nilianza na utingo, si na gari. Kijana alikuwa na mkono umefungwa shingoni kwa kanga. Nikamwomba asinieleze ajali, anieleze yaliyofuata baada ya kutoka kwenye kabini.

"Magurudumu ya mbele ya pikapu yalikuwa yanatoa moshi. Bro akachukua dumu la maji akamwagia, maji yakaruka yanachemka."

Kwa wanaosoma: usimwagie maji diski iliyoungua, inaweza kupasuka au kupinda. Tuendelee.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikaa chini, Mwalimu. Bega lilikuwa linauma. Niliegemea gurudumu la tela, lile lililobaki chini."

"Lilikuwa moto?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi. "Hapana. La baridi. Nilisikia baridi ya chuma mpaka mgongoni."

Kwangu kesi ilikuwa imeshageuka hapo. Breki, iwe ya diski au ya dramu, haina njia nyingine ya kulipunguzia gari mwendo isipokuwa kuugeuza mwendo huo kuwa joto. Gurudumu lililofanya kazi ya kuzuia mzigo kwenye mteremko mrefu lazima liwe na moto, huwezi kuliegemea mgongo. Magurudumu ya pikapu yanafuka moshi, ya tela ni ya baridi kama jiwe la mtoni: maana yake gari moja lilikuwa linazuia uzito wa mawili.

Tukalisimamisha tela, tukaliinua kwa jeki, nikafungua madramu. Dramu linalofanya kazi lina uso wa ndani unaong'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, kwa sababu laining, ile bitana ngumu ya breki inayosugua dramu, inaufuta kila siku. Haya yalikuwa mekundu kwa kutu pande zote mbili, kutu iliyoiva, si ya siku tatu. Laining zenyewe zilikuwa nene, karibu mpya. Fundi wa gereji akafurahi: "Unaona, laining zipo!" Zilikuwepo, ndiyo. Ziliisha lini kutumika ndilo swali. Chini ya chesisi, pale waya wa breki unapoingia kwenye kishikizo chake, buibui alikuwa amejenga nyumba ya vyumba vitatu.

Hilo tela halikuwa la kuungaunga tu. Ekseli na kichwa chake, yaani pale linaposhikwa na gari, vilitoka kwenye tela la mtumba la Ulaya, na vilikuja na breki ya msukumo. Ni kifaa cha akili sana kwa jinsi kilivyo rahisi. Gari la mbele likipunguza mwendo, tela halijui, linaendelea kusukuma. Kichwa chake kimetengenezwa kama pampu ya baiskeli: kikisukumwa kinaingia ndani, na kikiingia kinavuta fimbo, fimbo inavuta waya, waya unazitanua laining zibane madramu kwa ndani. Tela linajifunga breki lenyewe kwa kadiri linavyosukuma. Hakuna bomba la upepo, hakuna waya wa umeme, hakuna swichi kwa dereva.

Ubaya wake ni mmoja. Ukirudi nyuma, hasa kwa kupanda, gari linakisukuma kichwa kile kile kiingie ndani, na tela linadhani limeambiwa lisimame. Ndiyo maana vichwa vya zamani vina komeo. Unashuka, unalilaza komeo, kichwa hakiingii tena, unarudi nyuma, kisha komeo linatakiwa lirudi mahali pake ukianza kwenda mbele.

Kwenye tela hili komeo lilikuwa limelazwa upande wa kuzuia, likapigwa matone mawili ya welding, likapakwa rangi nyeusi. Ukipita haraka huoni kitu. Hendibreki ya tela ilikuwepo na ukiivuta inashika, kwa sababu inavuta waya ule ule bila kupitia kwenye kichwa. Kwa hiyo mtu yeyote anayelikagua likiwa limesimama ataandika "lina breki", na hatakuwa amesema uongo. Lilikuwa na breki likiwa limesimama. Likitembea halikuwa nazo.

Waya mwembamba wa dharura, ule unaofungwa kwenye gari ili tela likichomoka uivute hendibreki yake, haukuwepo kabisa. Kilichobaki ni tundu lake. Mnyororo ulikuwepo na ulishika vizuri. Lakini mnyororo kazi yake ni kuzuia tela lisiende peke yake kwenye nyumba za watu. Haulisimamishi.

Sasa tuirudie pedali iliyokuwa ngumu, maana mama bado alikuwa amesimama pale anangoja.

Kwanza uzito. Mama alinihesabia: magunia 14, kila moja kilo 100, jumla 1,400. Nikamwomba tupime yaliyookolewa. Yalikuwa matatu ambayo hayakupasuka, yameshonwa kwa kile kilemba cha nyavu juu, lumbesa kamili. Mzani ukasoma 136, 141 na 143. Wastani wa 140. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamepiga kelele ya lumbesa miaka mingi kwa ajili ya mkulima anayepunjwa. Mimi nina sababu yangu ya pili ya kuichukia: lumbesa inamdanganya pia dereva. Magunia 14 ya namna hiyo ni kilo 1,960. Tela tupu, tulipolipima, kilo 480. Jumla 2,440. Pikapu yenyewe, na watu wawili na viroba vya mbegu nyuma, ilikuwa kama kilo 2,400. Yaani nyuma ya gari kulikuwa na gari lingine, zito kulizidi kidogo, lisilo na breki.

Kwenye barabara inayoshuka mita 8 kwa kila mita 100, tela la uzito huo linausukuma mgongo wa gari kwa nguvu ya karibu kilo 200 muda wote, ukitoa kidogo kinachomezwa na matairi. Hapo dereva hajakanyaga kitu. Akikanyaga breki ya kawaida ya kukwepa ng'ombe, nguvu hiyo inapita kilo 900, na yote inapita kwenye ile tufe moja ya chuma nyuma ya gari. Mkiwa mmenyooka, gari linavumilia. Mkiwa kwenye kona, nguvu ile inausukuma mkia pembeni, ndipo tela linapolizunguka gari kama lilivyofanya siku ile.

Halafu joto. Chukua mteremko unaoshuka mita 400 kwa wima, na mizigo yote miwili kilo 4,840. Nguvu iliyofichwa kwenye uzito ule, ukiishusha bila kuongeza mwendo, inatosha kuchemsha karibu ndoo tatu za lita 20 za maji ya baridi. Sehemu yake inachukuliwa na upepo na matairi, na sehemu kubwa ingechukuliwa na injini kama angekuwa gia ya pili. Kwa gia ya nne, injini ya dizeli inazuia kidogo sana. Kilichobaki kilikwenda kwenye diski mbili za mbele na madramu mawili ya nyuma ya pikapu, vyuma vilivyoundwa kubeba pikapu.

Na diski zikiungua, joto linapanda kupitia pistoni mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo. Yakiwa mapya, aina ya DOT 3 yanachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakishakunywa maji kama asilimia 3.7, kiwango kinashuka mpaka nyuzi 140. Niliyachomoa ya mama: rangi ya chai ya mkandaa. Yalikuwa hayajabadilishwa tangu anunue gari, miaka minne. Yalichemka. Mafuta hayabanwi lakini mvuke unabanwa, kwa hiyo dereva alikanyaga akabana mapovu. Pedali ikaenda chini. Akamwagia maji, gari likavutwa, zaidi ya saa nane zikapita kwenye baridi ya Juni. Mvuke ukarudi kuwa mafuta, na pedali ikarudi juu ikiwa ngumu kama mwanzo. Fundi wa alasiri hakukosea alichokiona. Alichelewa tu.

Nilipomweleza mama hivyo alikaa kimya, kisha akaenda ndani akarudi na kitabu cha gari. Ni mtu wa kusoma, na hakubali kirahisi.

"Mwalimu, hapa wameandika inavuta kilo 3,500. Hiyo yako ni 2,440. Haijafika."

"Soma mstari wa chini yake, mama."

Mstari wa chini ulisema 750. Tela lenye breki, 3,500. Tela lisilo na breki, 750. Mstari wa kwanza kila muuza magari anaukariri, ule wa pili sijawahi kumsikia mtu akiutaja barabarani.

Hiyo 750 si namba ya kiwanda kimoja. Uingereza, tela linaloruhusiwa kwenda bila breki lina kikomo hicho hicho, na hata chini yake lisizidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Afrika Kusini mantiki ni ile ile: kilo 750 na nusu ya gari tupu. Ukivuka hapo mpaka 3,500, breki ya msukumo inakubalika. Ukivuka 3,500, breki lazima ziendeshwe na dereva kutoka kwenye kabini. Australia wao wanaibana mapema zaidi: kutoka kilo 2,000 kwenda juu kila gurudumu la tela liwe na breki, na likichomoka lijifunge lenyewe na kubaki limejifunga angalau dakika 15. Nchi zenye milima na zisizo na milima zimefika karibu na namba moja, kwa sababu ni hesabu ya uzito.

Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inataka chombo kinachoingia barabarani kiwe katika hali salama, na tela linasajiliwa kwa namba yake lenyewe. Namba yake lenyewe: yaani si kiungo cha gari, ni chombo. Wenye matela wengi hawajaichukulia hivyo. Pikapu inapelekwa sevisi, tela linaegeshwa chini ya mwembe kuku walalie.

Tulipofika hapa nilidhani kazi imekwisha na dereva ametoka safi. Nikauliza kwa mazoea tu, nani alichomelea komeo. Mama hakujua komeo ni nini. Akaleta daftari lake la matumizi, na tukapekua pamoja mpaka tukaukuta mstari, mwezi wa pili mwaka uliopita, mwandiko wake mwenyewe: "Kuchomelea tela, 5,000."

"Hii nilimpa yeye," akasema, akamwonyesha dereva kwa kidole.

Dereva akainua uso kwa mara ya kwanza siku hiyo. Uwanja wa mama uko juu ya barabara. Kuingia pale ni kurudi nyuma ukipanda. Kila jioni tela lilijifunga breki getini, ashuke, alaze komeo, apande, arudi nyuma, ashuke tena. Mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Siku moja akapitia kwa mtu wa welding akamwambia amsaidie "hiki kitu kinachosumbua." Shilingi 5,000, dakika kumi.

"Si nilikufundisha hiki kitu?" nikamuuliza.

"Ulitufundisha breki za upepo, Mwalimu. Hizi hapana."

Ni kweli. Nimerudi kwenye madaftari yangu nikathibitisha, na muhula huu nimeongeza somo. Mbeya ni mji wa malori, kwa hiyo tunafundisha malori. Tunamweleza mwanafunzi kwamba semi ina mabomba mawili, moja la kulijaza tela upepo na lingine la kulipelekea amri ya pedali, na kwamba lile la kwanza likikatika tela linajifunga lenyewe, kwa sababu springi ndani ya maksi, ile chemba ya breki kwenye ekseli, ndiyo inayofunga na upepo ndio unaoachia. Kukosa upepo ni kusimama. Ni mpango mzuri mno, na bado utawakuta watu wamekaza boliti nyuma ya maksi kuirudisha springi, ili tela linalovuja lisimsumbue mtu njiani, halafu mtu huyo ndiye anayeshuka Kitonga, au mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi. Ugonjwa ni ule ule wa komeo. Breki inayojifunga yenyewe inakera kila siku, na faida yake inaonekana siku moja.

Basi nikatoa maoni yangu. Nilisema wazi kwamba ni maoni, si hukumu.

Dereva hakuzembea kwa maana waliyokuwa wanaisema mtaani. Pedali ilimkataa kweli. Lakini aliua breki ya tela kwa mkono wake, alishuka na gia ya nne mahali ambapo alipanda kwa ya pili, na pedali ilipomwonya kwenye kona ya pili hakutafuta mahali pa kusimama. Lile onyo la kona ya pili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kusimama nusu saa pale, mafuta yangepoa na tungekuwa hatuna kisa.

Mama alipakia lumbesa akahesabu kilo 100, alikaa miaka minne na mafuta yale yale, na alilipa 5,000 bila kuuliza zinachomelea nini. Na kuna jambo la mwisho ambalo lingekuwa lake hata komeo lingekuwa zima: kwenye ekseli kulikuwa na kibati, nikakifuta kwa tambara lenye dizeli, kikasomeka kilo 1,300. Breki zile za msukumo ziliundwa kwa tela la 1,300 likiwa limepakiwa. Kwa 2,440 zingesaidia, zisingetosha.

Nilipendekeza mama abebe theluthi mbili. Walivutana mpaka magharibi. Mwishowe mama akachukua hospitali yote ya utingo na pikapu. Dereva akakubali kukatwa gharama ya tela kidogo kidogo kwa mwezi. Viazi kila mtu alivisahau. Yule wa welding alisema hakumbuki.

Matengenezo yalikuwa madogo kuliko maneno. Welding ilisagwa kwa grainda, komeo likawekewa springi inayolirudisha mahali pake gari likianza kuvuta mbele. Madramu yalifutwa kutu, waya ukabadilishwa, waya wa dharura ukafungwa kwenye chesisi ya pikapu na si kwenye tufe. Mafuta mapya ya DOT 4. Kazi ya komeo getini amepewa utingo, bega likipona.

Nikawafundisha pia kipimo kisicho na gharama: ukimaliza mteremko, Igawilo pale penye nafasi, egesha, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Yote manne ya pikapu na mawili ya tela yawe na joto. La baridi lina lake la kueleza.

Kilichomuuma mama ni mzigo. Nikatoa 480 kwenye 1,300, ikabaki 820.

"Magunia manane?"

"Manane, mama. Ya kilo 100."

"Kutoka 14? Si itakuwa safari mbili, na dizeli ilivyo?" Akatoa simu akaanza kupiga hesabu, midomo ikitikisika. Aliponiaga alisema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya mtu aliyelipishwa mara mbili.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Tukuyu nikaliona tela Igawilo, limeegeshwa kando. Utingo amechutama, kiganja chake karibu na dramu la kulia. Niliposogea akaniamkia, akasema la moto, Mwalimu, yote ya moto. Nikafurahi. Kisha nikahesabu magunia, nikayahesabu tena.

Tisa. Na mawili yalikuwa na kilemba.

Nikampigia mama simu palepale.